Nawekwa ndani siku saba na dozi yangu iko kliniki

Anti shikamoo. Naomba jina langu usilitoe, na kliniki ninayokunywea usiitaje, maana huku kwetu watu wanajuana sana.

Mi ni mwanamke wa miaka 33, nakaa Dar upande wa Mbagala, nina mtoto wa kiume wa miaka 8 na ni fundi cherehani. Nilitumia unga, yaani heroini, miaka sita. Nilianzia kuvuta nikaishia kwenye sindano, baba wa mtoto ndo alonifundisha na yeye ameshatangulia mbele za haki, simlaumu. Sasa ni miaka minne na miezi mitatu nakunywa methadone, ile dawa ya kliniki ya kututoa kwenye unga. Saa moja asubuhi niko dirishani, nesi ananipa kikombe changu, miligramu 80, nakunywa mbele yake, ananiambia sema jina lako ili ajue nimemeza, nalitaja, naondoka zangu naenda kwenye cherehani. Kila siku ya Mungu, iwe Jumapili, iwe Idd, iwe mvua ya kuzoa watu. Miezi ya mwanzo niliteleza mara mbili tatu lakini baada ya hapo sijagusa tena.

Mama mkubwa wangu yuko Tanga, yeye ndo alonilea mama alipofariki. Kuna siku, hii ni kabla sijaanza dawa, alipanda basi toka Tanga akanitafuta mpaka maskani tulikokuwa tunalala, akanikuta juu ya boksi. Hakusema neno. Akanifunga kanga yake, akanipeleka gesti, akaniogesha kama mtoto mchanga, akaniambia nile maandazi na yeye anasimama mlangoni ananiangalia, usiku tukalala wote na asubuhi nikamtoroka na elfu kumi yake. Na hakunitupa Anti, mtoto wangu alimchukua akakaa naye mpaka nilipotulia. Leo anaamini nimepona kwa kisomo alichonifanyia, na mimi sijawahi kumkatalia maana kile kisomo kilinigusa kweli, nililia siku ile mpaka nikaishiwa sauti. Habari ya methadone hajui.

Mwaka jana nikapata mchumba, fundi friji, mtu mpole ana swala zake, mtoto wangu anampenda. Posa imeletwa, mahari imetolewa, ndoa ni wiki saba zijazo. Nilimwambia kwamba zamani "niliteleza", neno hilohilo moja, na yeye hakuuliza niliteleza wapi. Anachojua ni kwamba nawahi asubuhi kufungua banda. Sasa mwezi uliopita tuko kwenye daladala tukapita mbele ya kliniki yangu, watu wako foleni, akanigusa bega akasema waangalie wale, wanakunywa unga wa serikali, hawaponi wale wanabadilisha tu. Nikacheka. Anti nilicheka kabisa na mkono nikauvuta ndani ya baibui.

Tatizo lenyewe sasa. Mama mkubwa anasema harusi Tanga na lazima niwekwe ndani siku saba. Alisema hivi, mara ya kwanza hukuolewa mwanangu uliokotwa, safari hii nakuoza. Ameshatafuta somo, yule mwanamke wa kunifunda na kunisinga, singo ya kunisugua mwili ameshaisaga, liwa, udi, hina na piko vyote tayari, na sitatoka hata kwenye baraza. Na mimi nataka, hilo ndo linaloniua. Nataka kukaa chini nisingwe kama wanawake wengine, sikuwahi kupata hicho kitu. Lakini dozi iko Dar, na kwetu ukikosa siku tatu mfululizo hurudi na dozi ileile, wanakupunguzia waanze upya na wewe. Afu kuna makovu. Yako mikononi kwa ndani na mengine kwenye kinena, mi navaa mikono mirefu mwaka mzima, sasa huyo somo akianza kunisinga si atayaona yote.

Nikaona basi niache dawa kabisa kabla ya ndoa, niingie safi. Wiki mbili zilizopita nikajaribu, Jumatatu sikwenda, Jumanne sikwenda. Jumanne usiku arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ikanikumbuka vizuri, macho yanatoa maji, miguu inarusha, mifupa inauma, jasho baridi, sikulala hata dakika. Jumatano alfajiri nikajikuta nimesimama kwenye kona ya maskani ya zamani na noti ya elfu tano nimeikunja mkononi, na sikumbuki vizuri nilifikaje pale. Simu ikaita, mama mmoja anaulizia yunifomu za mwanae. Nikamwambia nakuja, nikageuka nikaenda kliniki. Nesi nilimdanganya kuwa nilifiwa.

Mwenzangu mmoja wa kliniki anasema ataniuzia, anaweka mdomoni anatoka nayo anatemea kwenye chupa, nibebe chupa saba niende nazo Tanga. Mwingine anasema nimwambie mwanaume ukweli. Mwingine anasema mwanaume haambiwi kitu kama hicho mpaka uzae naye. Kitambaa cha gauni nimeshanunua kipo mezani, sijakikata. Anti, mtu anayekunywa methadone kapona au hajapona? Mi ni nani sasa, teja au siyo teja? Nifanyeje?

Fundi wa Mbagala


MAJIBU

Marahaba mwanangu. Naanzia pale kwenye kona, alfajiri ile ya Jumatano, maana pale ndo palinishika moyo. Ulikuwa na arosto ya siku mbili, hela mkononi, watu wa kukuuzia wapo, na ukageuka. Naona umeliandika kwa haraka kama kitu cha aibu, mimi nimelisoma polepole.

Kama nimekuelewa, una harusi unayoitaka kweli, siyo mume tu bali na yale mambo yake yote ya kuketishwa na kusingwa, na una dawa inayokutaka dirishani kila asubuhi, na hivi viwili umevificha kila kimoja na watu wake mpaka sasa vinakutana ndani ya siku saba kwenye chumba kimoja Tanga. Na chini yake kuna swali kubwa kuliko yote, la wewe ni nani.

Kabla ya hayo niruhusu niongee kama mama anayeogopa. Nesi mwambie ukweli kwamba hukufiwa. Hakuna adhabu ninayoiwaza hapo, nawaza mwili wako. Mwili ukikaa bila dawa unaanza kusahau kuhimili, na ndo maana wanapunguza dozi kwa aliyekosa siku, siyo kukukomoa. Lililo baya zaidi ni kwamba mtu aliyeacha methadone kwa haraka akarudi kwenye unga, akapiga kiasi kilekile alichozoea zamani, pumzi inaweza kusimama hapohapo. Wapo waliokufa kwa unga siyo siku walizokuwa wamezama, bali siku ya kurudia, na nadhani unawajua wengine kwa majina.

Na hizo chupa za kutemewa, mwanangu, hebu zifikirie vizuri. Hujui zina miligramu ngapi, hujui kaongeza maji kiasi gani, hujui mdomo wake una nini, na mwenzako akikamatwa naye anapoteza nafasi yake kliniki. Afu unaenda nazo kwenye nyumba ya harusi yenye watoto wanazunguka, na wako mmojawapo, dozi ya mtu mzima aliyezoea ikinywewa na mtoto inaua. Katika yote uliyoandika hili ndo lililonitisha, nakwambia waziwazi.

Sasa swali lako. Kapona au hajapona. Naona umelikubali neno kupona kwa maana ya watu wa kwenye daladala, kwamba aliyepona ni yule asiye na kikombe. Sitaki kukudanganya kwa upande wa pili pia, mchumba wako hajakosea kila kitu, methadone ni ya ukoo mmoja na heroini, inakaa kwenye sehemu ileile ya ubongo. Tofauti iko kwenye namna inavyokaa. Unga unakupandisha juu na kukuangusha, baada ya saa chache uko kwenye arosto unatafuta kete nyingine, siku nzima ni mawindo. Methadone inaingia taratibu na inadumu siku nzima na zaidi, hupandi wala hushuki, kichwa kinabaki chako. Ndo maana Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Mtu anayewindwa na arosto hawezi kukaa akashona kola ya shati la shule ikanyooka, na wewe unazishona na wazazi wanakupigia alfajiri kuziulizia. Kwahiyo ukiniuliza wewe ni nani, najiuliza kwanini majibu uliyojipa yako mawili tu na yote yanaanza na teja.

Kuhusu kuacha. Wapo wanaoacha methadone wakaendelea vizuri na wapo wanaokunywa miaka mingi, na sijui wewe ni wa kundi gani, wala huna haja ya kujua wiki hii. Ila fanya hesabu ya kifundi kidogo. Miligramu 80 kwa wiki saba ni kushuka zaidi ya miligramu 11 kila wiki, wakati kushuka kunakovumilika kunakwenda kidogokidogo kwa miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na daktari anasimama pale mwili unapogoma. Na wiki zenyewe ni hizi za harusi, hulali, ndugu wamejaa, hela haitoshi. Nakuuliza tu, hiyo tarehe ya kuacha imechaguliwa na mwili wako au na kadi ya mwaliko? Maana ukiwa na hamu ya kuacha kweli, hamu hiyo itakuwepo hata baada ya miezi sita, ukiwa umetulia, na utaipeleka kwa daktari badala ya kuipima peke yako usiku wa Jumanne.

Tuje kwenye siku saba. Umeandika kama dozi iko Dar tu, lakini Tanga pia ipo kliniki ya methadone. Watu wanasafiri, wanafiwa, wanahamishwa kazi, na kliniki huwa zinaandikiana ili mgonjwa anywe kule kwa muda. Uliza mapema, usisubiri wiki ya mwisho, maana karatasi zina safari yake. Ugumu wake ni kwamba utatoka nyumbani kila asubuhi, na mwali aliyewekwa ndani hatoki, kwahiyo lazima mtu mmoja mle ndani ajue. Na foleni ya Tanga nayo ina macho. Njia nyingine ni dozi za kuondoka nazo, kuna kliniki zinawapa watu waliotulia dozi za siku kadhaa kihalali, zimepimwa na zina jina lako. Miaka yako minne inaweza kukusaidia hapo, zile siku mbili ulizokosa zinaweza kukuangusha, ndo maana nikasema anza kwa kumwambia nesi kweli. Ukipewa, zikae kwenye kisanduku chenye kufuli na ufunguo uuvae shingoni. Au mnaweza kupunguza siku zenyewe, saba zikawa tatu, siku hizi wengi wanafanya hivyo kwa sababu za kazi tu na hakuna anayeuliza. Lakini hapo utapoteza sehemu ya kitu ulichosema unakitaka sana, na dozi bado haijapatikana, kwahiyo sikusukumi huko.

Naona nimesema lazima mtu mmoja ajue. Nikarudi kwenye barua yako kutafuta huyo mtu ni nani.

Unaogopa somo atayaona makovu. Sawa. Lakini mama mkubwa wako alikuogesha gesti, mwanangu. Alikuogesha kama mtoto mchanga, umeandika mwenyewe, na siku hizo yalikuwa bado vidonda. Aliyaona, akakwambia ule maandazi, akakulaza pembeni yake. Ukamtoroka na elfu kumi, na leo amesaga singo. Sisemi itakuwa rahisi kumwambia kuwa kuna dawa, inawezekana ataumia kwa sababu ya kile kisomo, anaweza kuona umemficha au kwamba dua yake haikutosha. Labda unaweza kumwambia yote mawili yalikushika mkono, kwa sababu kwa maneno yako mwenyewe ndivyo ilivyokuwa. Na yeye ndiye anayemchagua somo. Mama wa aina hiyo anaweza kumpata mwanamke mwenye mdomo mzito, au akasema singo ya mikononi naisugua mimi mwenyewe. Au asiweze, akalia tu, sijui, wewe ndo unamjua.

Mchumba. Hapa naenda polepole kwa sababu mimi siishi nyumba mtakayoishi. Wanaosema usimwambie mpaka uzae, najua hofu yao inatoka wapi, wameona wanawake wakiachwa wiki ya harusi na stori yao ikazunguka mtaa mzima. Inaweza kutokea. Anaweza kuondoka, anaweza kuwaambia ndugu zake, anaweza kubaki halafu kila mkigombana akakurushia hilo neno usoni. Hizo hatari ni za kweli na wewe ndo utakayezibeba. Upande wa pili, piga picha wiki ya pili ya ndoa, saa kumi na mbili asubuhi, anakuuliza banda gani linafunguliwa Jumapili. Piga picha Ramadhani, yeye amefunga na wewe saa moja una kikombe. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini, ila ruhusa hiyo utaitumia kwa kujificha bafuni?

Na mtoto. Hukuniuliza lakini mtu mwenye swala zake anayeoa atataka mtoto, na ukishika mimba huku unajikatia dozi kwa siri, hapo ni wewe na kiumbe kingine. Mwanamke anayekunywa methadone anabeba mimba vizuri tu, na kinachotisha zaidi ni kuacha ghafla ukiwa mjamzito. Mtoto akizaliwa anaweza kupata arosto yake ndogo siku za mwanzo, madaktari wanaijua na wanaitibu, na wengi wananyonyesha kama kawaida. Lakini daktari wa mimba lazima ajue, na baba akiwa ameketi pale kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, kuficha kunakuwa kazi ya pili.

Kuna kitu kuhusu yeye nataka tukiangalie pamoja. Ulimwambia uliteleza, hakuuliza. Wewe umelichukulia kama hajui kitu. Inawezekana. Inawezekana pia ni mpole, kaona umelifunga hilo neno akaliacha lilivyo, akisubiri ulifungue mwenyewe. Na yale ya kwenye daladala aliyasema kuhusu watu asiowajua, kwa maneno ambayo mtaa mzima unayasema, hajawahi kukaa na mmoja wao akala naye. Au amekaa naye bila kujua. Sitetei udhaifu wake, maneno yale yaliuma na angekuwa mume wangu ningeyakumbuka. Ninachokuuliza ni je, umewahi kumsikia akiongea kuhusu mtu anayempenda aliyekosea? Ndugu yake, rafiki yake wa gereji, yeyote? Pale ndo ungejua zaidi kuliko daladala. Na kile kicheko chako, nahisi kinakuuma kuliko alichosema yeye.

Ukiamua kumwambia, siyo lazima iwe wewe na yeye chumbani usiku mkitetemeka. Kliniki zina washauri na wengi wanakubali uje na mwenza, aulize maswali yake ya kijinga na ya maana, ajibiwe na mtu asiye wewe. Ukiamua bado, basi angalau jua kwamba umeamua bado, siyo kwamba siku zilikupita mpaka akagundua kwa jirani. Na ukimwambia halafu akaondoka, mtoto unaye, cherehani unayo, na dirisha saa moja lipo vilevile, utakuwa na kilio kikubwa lakini hutakuwa kwenye boksi.

Jumatatu ukifika kwa nesi, taja Tanga na tarehe, hata kama mengine yote hujayaamua. Wiki saba zinatosha kupanga hilo, tatu hazitatosha.

Hicho kitambaa kilichopo mezani nimekifikiria sana. Ukishakikata niandikie, uniambie mikono umeiweka ya urefu gani.

Anti